Woka ya alumini niliyomnunulia mama baada ya kuvunjika nyonga: miezi saba, mipira minne imeisha

Naanza na maksi kabisa ili mwenye haraka asimalize bando lake bure. Woka yenyewe, yaani kile kifaa cha miguu minne mgonjwa anachoshika akitembea, naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Duka nililonunulia nalipatia nyota moja, na jina lake silitaji. Dada fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyekuwa anatufuata nyumbani, angekuwa anapimwa kwa nyota ningempa zote tano na nyingine ningekopa kwa jirani. Sasa mwenye muda akae, maana mama kashalala, umeme upo, na mimi nina mengi.

Kazi yangu ni kuuza spea za pikipiki hapa Dodoma, naishi Nkuhungu. Kwa hiyo bomba, bolti, springi na mpira navijua, na nilivyoenda kununua woka nilikuwa na kale kakiburi ka mtu anayejua vyuma. Niliikagua kama ninavyokagua shokapu, nikaitingisha, nikaigonga gonga, nikaangalia uchomeleaji. Mtu anayeenda kuishika sikumfikiria hata dakika moja, na makosa yangu yote ya miezi saba yameanzia hapo.

Mama ana miaka 74, ni wa Bahi, Mgogo wa mlenda na ugali wa uwele, hajawahi kukaa mjini wiki mbili bila kuanza kutafuta sababu ya kurudi kwake. Mwezi wa kwanza mvua zilikuwa zimechanganya, akatoka usiku kwenda chooni akiwa kwake Bahi, choo kiko uani, kuna ngazi moja tu ya tofali pale mlangoni, imelowa, na ndala yake soli imeisha kama karatasi. Akaangukia ubavu wa kushoto. Na dawa ya presha anayokunywa huwa inampa kizunguzungu akinyanyuka ghafla, hilo tumekuja kulijua baadaye. Asubuhi napigiwa simu kwamba mama kaanguka, mguu umekuwa mfupi na unyayo umegeukia nje. Mwenye mzee nyumbani ashike hiyo, mguu ukifupika na kugeuka hivyo baada ya kuanguka usisubiri kuchua na mafuta, tafuta gari.

Hospitali dokta akatuonyesha picha, shingo ya mfupa wa paja imekatika. Mjomba akataka tumtoe tumpeleke kwa mganga wa mifupa anayefunga vijiti, na kusema kweli hata mimi nilikuwa nusu nusu, maana niliwahi kuvunjika mkono nikafungwa nikapona. Dokta hakumtukana mganga, alisema tu vijiti vinaweza kushika mkono au mguu huku chini, ila hapa palipokatika ni ndani kwenye kiungo, utafungia wapi? Akasema kile kichwa cha mfupa kinalishwa na mishipa midogo ya damu inayopita hapo hapo palipokatika, nayo ikikatika kichwa kinakosa damu, kwa umri wake kuunga ni kubahatisha, dawa ni kukitoa na kuweka cha chuma. Na mifupa ya mwanamke aliyeacha kuona siku zake miaka mingi inakuwa kama hindi lililopitiwa na dumuzi, nje zima ndani unga. Mjomba ni mkulima, hapo akaelewa.

Operesheni ilienda vizuri. Kilichotutisha ni siku mbili baadaye, mama alipoanza kuniambia nitoe mbuzi wodini. Mbuzi wanamlia shuka. Afu akawa anaongea na baba, na baba tulishamzika zamani. Dada yangu mkubwa akatoka nje kulia, shangazi akaanza zile habari zake za nani aliyefurahi mama alipoanguka, mnajua wenyewe. Nesi mmoja mtu mzima akatukalisha, akasema wazee wengi wakipasuliwa huwa wanachanganyikiwa siku chache, maumivu, dawa za usingizi, taa zinawaka usiku kucha, sura ngeni, vyote vinachangia, akae mtu anayemjua karibu yake, mvalisheni miwani yake, mumwambie leo siku gani na yuko wapi, na msibishane naye kuhusu mbuzi. Tukafanya hivyo, siku ya nne mbuzi wakaondoka.

Ila mama anakumbuka. Sisi tulikuwa tunacheka tukisimulia, tukidhani ni stori ya kuchekesha, mpaka siku moja nikamwona anageuza uso ukutani kila mbuzi wakitajwa. Tumeacha.

Haya, woka.

Ni ile ya alumini ya kukunja, miguu minne, haina matairi, kitufe katikati ukibonyeza inakunjika. Nilitoa 85,000, na risiti niliambiwa mashine mbovu. Muuzaji akaniuliza mgonjwa mrefu au mfupi, nikamwambia wa kawaida tu, akavuta vuta ile miguu akasema "itamkaa tu kaka". Mama yangu ukimsimamisha kichwa chake kinanifika kwapani. Wiki tatu nzima ametembea na woka mabega yamepanda mpaka masikioni kama mtu anayesikia baridi, jioni analalamika shingo na mikono, sisi tunamwambia mama zoea. Dada fizio alipokuja mara ya kwanza hata begi hajaweka chini akasema hii iko juu. Akamsimamisha, mikono imening'inia, akaangalia kiganja kinapoanzia, pale mtu anapofunga saa, akasema mshikio unatakiwa uwe hapo, kiwiko kikunjike kidogo tu. Tukashusha matundu mawili. Kazi ya dakika moja, na spana hauhitaji. Mimi muuza spea nimemtesa mama yangu wiki tatu kwa matundu mawili, na yule muuzaji wa vifaa vya wagonjwa ndo kazi yake na hakuhangaika hata kuuliza. Nyota moja ni ya kumhurumia.

Upana nao nilikuja kuujua nikishafika nyumbani. Woka inapita mlango wa chumbani vizuri ila mlango wa choo chetu mwembamba, haipiti mpaka uingie ubavu ubavu, kitu ambacho mtu wa nyonga mpya hatakiwi kujikunja kunja hivyo. Nikang'oa mlango na fremu yake nikaweka pazia, nikajiona fundi kweli. Mama siku hiyo hakwenda chooni kutwa. Hakusema kitu, alikataa tu chai, akakataa maji, jioni mke wangu ndo akaniambia, mama hawezi kukaa nyuma ya pazia wajukuu wanapita. Nikatafuta fundi tukapanua ukuta tukarudisha mlango. Pima mlango wako kabla hujalipa, nakuomba.

Na choo chenyewe cha kuchuchumaa kama nyumba zetu nyingi. Mtu wa nyonga ya chuma miezi mitatu ya mwanzo haruhusiwi kuchuchumaa, haruhusiwi goti lipande juu kuliko nyonga, haruhusiwi kupishanisha miguu wala kuinama kuokota kitu, ile nyonga inaweza kuchomoka. Fundi wa kuchomelea akanitengenezea kiti cha nondo chenye tundu katikati kinakaa juu ya choo, na bomba mbili za kushikia ukutani, kazi yote 45,000. Hicho kiti nakipa nyota tano, na mimi dukani sijakiona, chukua vipimo vya miguu ya mzee wako peleka kwa fundi. Kile cha plastiki kutoka dukani ni kwa ajili ya choo cha kukaa, usiuziwe kama mimi nilivyotaka kuuziwa.

Sasa hivi vyote, woka imeshushwa, choo kimekaa sawa, kidonda kimekauka, sindano za tumboni za kuzuia damu isigande zimeisha, na mama hatembei. Fizio akija anapiga hatua kumi, woka, kushoto, kulia, anatabasamu, fizio akitoka getini mama anakaa hapo mpaka magharibi. Chakula anachokoa. Jioni jua likizama analia kimya kimya, ukiingia anajifuta na upindo wa kanga anasema vumbi. Ni kweli Dodoma ina vumbi, ila mwezi wa tatu mvua bado inanyesha vumbi linatoka wapi?

Mimi nikachukulia ni uvivu, au ameshazoea kukaa tu mjini. Nimshukuru Mungu mke wangu hakuwepo kunisikia siku niliyomwambia, "Mama na wewe jitahidi basi, dokta kasema mguu mzima." Akaniangalia. Akasema, "Mwanangu, kule kwetu ng'ombe akivunjika mguu mnamfanyaje?"

Nilinyamaza, maana jibu tunalijua wote wawili, tumekula hiyo nyama.

Kesho yake nikampigia fizio nikamweleza, nikidhani atanipa mazoezi mengine. Akaja. Mnaomwita fizio mkadhani ni mtu wa kukunja na kukunjua miguu sikilizeni hii. Wote pale nyumbani tulikuwa tunamwambia usiogope mama, usiogope, kutwa nzima, mimi, mke wangu, watoto, mpaka mchungaji aliyekuja kumwombea. Huyu dada akageuza ndoo akaikalia, akawa chini kuliko mama, akamuuliza taratibu, "Bibi, ukianguka tena, kitu gani kibaya kitatokea?" Mimi niko mlangoni najifanya natafuta chaja. Nilitegemea atasema kuvunjika tena, au kufa.

Mama alikaa muda mrefu. Afu akaanza kumsimulia ule usiku, na huo usiku sisi watoto wake hatukuwahi kuusikia. Kumbe alianguka saa tisa. Alikaa pale chini kwenye matope mpaka kunapambazuka, mvua inakuja na kuacha, amepiga kelele mpaka sauti ikaisha, haja ndogo imemtoka, kanga imefunguka na hawezi kujisogeza kuivuta. Na waliomkuta ni vijana watatu wanaenda shamba, mmoja wao mama alimbeba mgongoni akiwa mtoto. Akasema yule kijana aligeuza uso akamfunika na shati lake. Siku zote hizi tukiwa tunamsifia yule kijana kwa kumkimbiza hospitali mama alikuwa anaangalia chini, sisi tukidhani ni maumivu.

Akamalizia, "Kufa siogopi mjukuu wangu. Naogopa kuokotwa."

Yule dada hakumwambia utapona, hakumwambia mwachie Mungu. Alisema, "Haya bibi, tuhakikishe huokotwi." Wakaanza kupanga, hivyo tu, kama watu wanapanga safari. Kwanza taiti, avae taiti chini ya gauni usiku na mchana, ili chochote kikitokea yuko amejisitiri. Mke wangu alinunua nne siku hiyo hiyo sokoni Majengo. Yani miezi miwili tumehangaika na mifupa, na kitu cha kwanza kilichomfanya mama asimame mwenyewe ni taiti. Pili simu, kitochi chake kikae na yeye muda wote, namba ya kwanza iwe ya mke wangu na siyo mimi, maana mama alisema wazi akiwa chini hataki mwanawe wa kiume ndo afike wa kwanza. Nilitaka kununa, nikaona ni haki yake. Tatu taa ndogo ya sola pale kwenye korido iwake usiku kucha. Na dawa za presha tukarudi kwa dokta akazipanga upya, na mama akafundishwa akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, ahesabu mpaka thelathini, ndo asimame.

Hapa naiondolea woka nusu nyota, haina mahali pa kuweka kitu. Mikono yote miwili imeshika, simu unaweka wapi, maji unaweka wapi, miwani? Fundi cherehani wa mtaani akatushonea mfuko wa kitenge unafungwa kwa kamba mbele, mifuko mitatu midogo. Msijaze vitu vizito humo, mbele ikizidiwa woka inapinduka, mama alijaribu kubeba nanasi nikamkuta.

Afu kuna kosa langu la mpira na silifichi. Kila mguu wa woka una kofia ya mpira chini. Kwenye vigae inadumu, ila uani kwetu ni saruji ya kukwaruza na kokoto, mpira wa kwanza uliisha wiki ya saba mpaka bomba likaanza kugusa chini. Mimi nikajifanya mjuzi, nikakata tyubu ya pikipiki, nikaviringisha, nikafunga na waya, safi kabisa kwa macho. Tyubu ikikauka inashika vizuri, ikilowa kwenye vigae ni sabuni. Mama akiwa bafuni mguu wa mbele ukateleza, akawahi bomba la ukutani, hakuanguka. Hakuanguka, narudia, ila aliporudi kitandani alikaa wiki mbili bila kusogea zaidi ya mlango, na kila nikipita na woka mkononi ananifuata kwa macho. Mfupa haukuguswa hata kidogo, na tulirudi nyuma mwezi mzima. Dada fizio hakunigombeza, aliniuliza tu, "Pikipiki ya mteja ungeifunga hivyo?" Basi nikapima bomba kwa venia, kile kipimio cha milimita, kazini, likawa milimita 22, nikatafuta mipira yenyewe ya kutoka kiwandani, nikanunua nane nikaweka stoo. Kagua kila Jumapili, ukiona michoro ya chini imesawazika toa. Na zile pini za springi kwenye matundu vumbi letu linazikwamisha, futa na kitambaa kikavu, usiweke grisi, grisi inakamata mchanga.

Mtu aliniuliza mbona hukununua yenye matairi mbele. Nilijaribu ya kuazima. Sebuleni tamu sana, inateleza yenyewe, ila toka nje ya geti, mchanga wa Nkuhungu unameza yale matairi madogo mpaka unaisukuma kama toroli lililobeba saruji. Kama nyumba yako na barabara yako vina lami na vigae chukua ya matairi.

Nirudi kwa mama, kuna kigoda nilikisahau na ndo penyewe.

Alipotoka hospitali kuja kwangu alimtuma dada Bahi akamletee vitu vitatu, Biblia, dawa ya meno yake ya mti, na kigoda. Kigoda baba alikichonga mwenyewe, kimekaliwa mpaka katikati pana bonde la saizi yake. Mama maisha yake yote amepika, amechambua mboga, amesuka wajukuu, amepokea wageni na kugombana na mawifi akiwa amekaa kwenye hicho kigoda. Na kigoda kwa mtu wa nyonga ni marufuku, kiko chini mno, goti linapita nyonga. Kwa hiyo tukamkalisha kwenye kiti cha plastiki sebuleni, kimewekewa mto, kinaangalia tivii, kila anayeingia anamwamkia, shikamoo bibi, marahaba, anapita. Siku moja mke wangu akamuuliza mama unaonaje leo, akajibu, "Niko kama mgeni, nasubiri soda."

Tulicheka sana. Usiku mke wangu hakulala, akaniambia hilo neno siyo la kucheka.

Tukamweleza fizio. Akamuuliza mama anapenda kupika nini, mama akasema kwa hasira kidogo, "Nyie mlenda wenu mnaupika kama gundi." Haya. Nikaita fundi, tukajenga meza ya tofali uani chini ya bati, juu yake jiko la mkaa, urefu tukaupima mama akiwa amekaa kwenye kiti kirefu chenye mikono, woka iko pembeni anaifikia bila kujipinda. Vitu vyote juu ya meza, hakuna kuinama. Mlenda wa kwanza chumvi ilizidi mpaka mtoto akaomba maji mara tatu na hakuna aliyefungua mdomo. Wa pili ulikuwa wenyewe. Wiki hiyo akaanza kutoka kitandani bila kuitwa, maana akichelewa mke wangu atashika mwiko. Hatua alizokuwa anakataa kupiga kwa ajili ya mguu akazipiga kwa ajili ya sufuria, ishirini kwenda, ishirini kurudi, mara tatu kwa siku, mimi nahesabu nikiwa nimejificha kwenye simu.

Yule dada alikuwa anachukua 20,000 kwa safari pamoja na nauli, mara mbili kwa wiki miezi mitatu, baadaye mara moja. Ukipiga hesabu ni hela, hata kodi ya fremu yangu ya duka nilichelewesha mwezi mmoja. Mwezi wa tano, dokta akisharuhusu, akatandika mkeka akamfundisha mama namna ya kunyanyuka kutoka chini, ugeuke ubavu, upige magoti, ushike kiti, mguu mzima utangulie. Mara ya kwanza mama alikataa, akasema nikae chini tena kwa hiari yangu? Alipofanikiwa akakaa kwenye kiti anahema, afu akasema tufanye tena. Walifanya mara nne. Sijawahi kumwona mama yangu na sura ile, labda siku dada alipoolewa.

Kasoro ya fizio? Anachelewa. Akisema saa nne jua saa tano na nusu.

Mwezi huu wa nane akaomba kwenda kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, Nzuguni, kuona ng'ombe. Upepo wa huko mnaujua, vumbi mpaka kwenye meno, nikasema mama tuache. Tukaenda. Watu wakawa wanapisha, kuna mbaba mmoja ana mvi kuliko zangu akapaza sauti "mpisheni bibi apite!" mama akanong'ona, "Huyu naye nimemzaa?" Kwenye mabanda ya mifugo akasimama kama nusu saa mbele ya dume moja jekundu, ameegemea woka vile mtu anavyoegemea ua wa zizi, anaongea na mwenye ng'ombe habari za malisho. Kwa mara ya kwanza ile woka sikuiona. Mpira wa nne ndo uliishia huko, kokoto za Nzuguni hazina huruma.

Kulia jioni hakujaisha, nisiwadanganye. Kumepungua. Kuna siku moja moja tu, hasa mvua ikinyesha usiku, na mwaka huu ikianza tena mwezi wa kumi na mbili sijui itakuwaje, mke wangu amesema atahamia chumba cha mama.

Kigoda kiko chini ya kitanda. Jumamosi binti yangu anakitoa, mama anakipaka mafuta akiwa amekaa juu kwenye kiti, kinarudi. Dokta amesema hata sasa viti vya chini aviache. Nilimwambia tukipeleke kwa seremala tukiwekee miguu mirefu, akasema, "Ukimaliza hapo nitafutie na mume mwingine."

Anataka kurudi Bahi. Tumebishana mwezi mzima na nimeshindwa. Jumamosi naenda na fundi na mifuko miwili ya saruji tukaivunje ile ngazi pale mlangoni tuweke mteremko wa taratibu na bomba la kushikia, na yeye kasema anakuja kusimamia maana mafundi wa mjini wanaiba saruji. Woka itakaa kwenye buti ya gari. Mipira minne ya akiba nimeshaweka kwenye mfuko wa kitenge.